Deni la bunduki limefutwa, la ngamia bado

Julai 2023 Urusi ilikubali kuifutia Somalia deni la dola milioni 684. Desemba 13 mwaka huohuo, Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia zilitangaza kukamilika kwa mpango wa kuipunguzia nchi hiyo mzigo wa madeni wa dola bilioni 4.5. Mogadishu walifurahi, na walistahili. Lakini kwa sisi wa Iftin, Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, habari hiyo inafukua hesabu nyingine ambayo haijafungwa tangu 1963.

Wengi wanaijua historia yenyewe. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilibaini kuwa wakazi wengi wa eneo hili walitaka kujiunga na Somalia. Waingereza wakaondoka bila kutimiza hilo. Desemba 12, 1963 Kenya ikapata uhuru. Desemba 28 serikali ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujiunga na Somalia, vikadumu hadi 1967.

Vita havipiganwi bila fedha. Mataifa ya Magharibi yaliitaka Somalia iwe na jeshi dogo tu. Mogadishu ikaukataa msaada wao, na Novemba 1963 ikachukua mkopo wa Umoja wa Kisovieti wa takriban dola milioni 30 kujenga jeshi kubwa zaidi. Kenya nayo ikaegemea Uingereza, iliyoendelea kulifundisha jeshi lake na kulipatia vifaa.

Kisa cha meli Fizik Lebedev kinaonyesha vizuri jinsi silaha zinavyokuja na gharama. Aprili 1965 meli hiyo ya Kisovieti ilitia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya silaha za jeshi la Kenya, tena za bure. Wataalamu wa Kisovieti walifika pamoja nazo. Rais Mzee Jomo Kenyatta alizikataa, akisema ni kuukuu na haziwafai wanajeshi wake. Meli ikageuzwa na wataalamu wakarudishwa kwao. Nyuma ya sababu hiyo palikuwa na jambo kubwa zaidi: hofu kwamba silaha hizo zingemwimarisha Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa karibu na nchi za kambi ya Mashariki. Nairobi ilitambua kwamba anayekupa bunduki bure hutaka kulipwa kwa njia nyingine.

Busara hiyo haikumfikia mfugaji. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, imeeleza kwa kirefu jinsi watu walivyokusanywa ndani ya manyatta zilizolindwa na askari. Aliyekutwa nje alihesabiwa kuwa shifta. Ngamia, ng'ombe na mbuzi walipigwa risasi, walitaifishwa, au walikufa kwa kukosa malisho, maana mfugo hauwezi kuishi ndani ya ua. Familia zilizokuwa na uwezo wa kujilisha zikaanza kusubiri posho ya serikali. Na Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi nzuri. Hivyo ndivyo kaskazini ilivyolipia vita mara mbili.

Juni 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa na biashara ya Somalia ikayumba. Waziri Mkuu mpya, Mohamed Haji Ibrahim Egal, akatafuta suluhu, na Oktoba 28 mwaka huo makubaliano yakafikiwa Arusha kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Mwaka 1970 Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia raia kuishtaki serikali kwa matendo ya maofisa na wanajeshi wakati wa vita hivyo. Kwa kifupi, serikali ilijifutia deni lake yenyewe.

Yakafuata mauaji ya Bulla Karatasi 1980 na ya Wagalla 1984.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za tawala zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Wa Vita vya Shifta bado wanasubiri. Mabenki hudai kwa barua na riba. Mzee aliyepoteza zizi lake hana mkataba wa kuonyesha, na wenzake walioshuhudia wanazidi kupungua kila mwaka. Ikiwa Urusi imeweza kusamehe deni la mamilioni ya dola, Hazina ya Nairobi inaweza kulipa lake. Waziri wa Fedha aiweke ahadi hiyo kwenye bajeti ijayo, na wabunge wetu wasiipitishe bajeti isiyokuwa nayo.