Utasa na Vigawo: Historia ya Namba 2⁶⁷ − 1, 1644–1903

Katika istilahi za hisabati kwa Kiswahili, namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Sitiari hiyo ya uzazi yaweza kumfanya msomaji adhani kuwa kukanusha utasa wa namba ni sawa na kuwataja "watoto" wake, yaani vigawo. Makala haya yanatumia historia ya 2⁶⁷ − 1 kuonyesha kwamba hayo ni maarifa mawili tofauti.

Mwaka 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitaja vipeo 11 visivyozidi 257 ambavyo, kwa maoni yake, huzaa namba tasa 2 inapopandishwa kwa kipeo hicho na kupunguzwa 1. Kipeo 67 kilikuwa miongoni mwavyo. Namba inayopatikana ni 147,573,952,589,676,412,927, yenye tarakimu 21. Mersenne hakutoa uthibitisho, na kwa zaidi ya karne mbili dai hilo lilisimama kwa heshima ya jina lake.

Mwaka 1876, Édouard Lucas alilivunja. Hakutafuta vigawo. Alitumia sharti ambalo kila namba tasa ya aina hiyo hulitimiza, kisha akaonyesha kuwa namba hii hailitimizi. Hivyo ilijulikana kuwa si tasa, ingawa hakuna aliyekijua kigawo chake hata kimoja.

Vigawo vilipatikana mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipowasilisha matokeo yake New York mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani: 193,707,721 × 761,838,257,287. Utafutaji huo haukuwa wa kubahatisha. Kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 134. Na kweli, kigawo kidogo ni 134 × 1,445,580 + 1.

Masimulizi mashuhuri yanasema kwamba Cole alikokotoa ubaoni pasipo kutamka neno, kisha akashangiliwa. Simulizi hilo lilienezwa na kitabu cha Eric Temple Bell cha mwaka 1951, takriban nusu karne baadaye. Mwanahistoria hana budi kulitenga na makala aliyoichapisha Cole mwenyewe. Ushahidi wa hisabati haumtegemei msimulizi: yeyote mwenye kalamu anaweza kuzidisha namba hizo mbili na kujihakikishia.

Kati ya Lucas na Cole ilipita miaka 27. Pengo hilo, la kujua kuwa namba ina vigawo bila kuvijua, ndilo linalotegemewa na mfumo wa usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977, katika kulinda siri za mawasiliano. Kwa hiyo, ufafanuzi wa "namba tasa" katika kamusi na vitabu vya kiada haupaswi kuishia kwenye sitiari. Ueleze pia kwamba utasa waweza kukanushwa hata kabla ya kigawo chochote kuonekana.