Bunju kwenye Bahasha: Brashi, Viumbe na Taifa Changa

Uchoraji wa mimea na wanyama kwa rangi za maji uliingia Afrika Mashariki ukiwa kazi ya sayansi. Mtaalamu wa mimea alitaka picha ya ua kabla halijanyauka. Mchoraji alianza na penseli, kisha akapaka rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka. Katika ufundi huu mwanga hutoka kwenye karatasi yenyewe: petali inapong'aa, hapo karatasi imeachwa bila kuguswa, na mkono ukiteleza ni shida kulifuta kosa. Miongoni mwa walioifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa ni Joy Adamson, aliyefika Kenya mwaka 1937. Alichora mamia ya maua ya pori, na mwaka 1947 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Ni kazi nzuri mno. Lakini ilikuwa ya vitabu na makumbusho ya enzi ya ukoloni, na wenyeji wa nchi yalikoota maua hayo hawakuwa ndio waliokusudiwa kuiona.

Uhuru ulibadilisha maana ya picha za namna hiyo. Septemba 1961, miezi mitatu kabla Tanganyika haijajitawala, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza Arusha kwamba wanyamapori ni amana ambayo nchi mpya itaitunza. Ngao ya Taifa ya Tanzania ilisimamishwa juu ya Mlima Kilimanjaro, kati ya mwanamume na mwanamke walioshika pembe mbili za ndovu, mkarafuu na mpamba vikachorwa miguuni mwao. Sarafu za mwaka 1966 zilibeba samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50. Ukiinua noti mpya kwenye mwanga ulikutana na kichwa cha twiga katika alama ya maji.

Kazi ya brashi yenyewe iliwafikia watu wengi zaidi kupitia stempu. Rena Fennessy, mchoraji wa ndege aliyeishi Kenya, ndiye aliyepewa jukumu la kuzichora na Kenya, Uganda na Tanzania, na tarehe za kutolewa kwa stempu hizo zinasema mengi. Ndege wa Uganda walitoka tarehe 9 Oktoba 1965, wanyama wa Kenya tarehe 12 Desemba 1966, na samaki wa Tanzania tarehe 9 Desemba 1967. Kila nchi iliwatoa viumbe wake siku ya sherehe yake kuu ya kitaifa. Hapo ndipo fahari ya taifa inapoonekana waziwazi, kwa kuwa stempu za matumizi ya kila siku katika enzi ya ukoloni zilikuwa na sura ya mfalme au malkia wa Uingereza.

Uamuzi wa Tanzania kuchagua samaki unastahili kutazamwa kwa karibu. Nchi ilikuwa na simba na tembo wa kutosha, wanaojulikana dunia nzima, lakini ikamtoa bunju, samaki mwenye sumu, na madoa yake meupe yaliyochorwa moja moja katika nafasi isiyozidi upana wa vidole viwili. Pamoja naye walikuwamo farasi wa bahari na kikande. Kwa mkazi wa Majengo, mjini Songea, bahari ya Mtwara iko zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Samaki aliowazoea ni wa Ziwa Nyasa. Bahasha iliyomfikia kutoka Dar es Salaam ilimletea kiumbe wa miamba ya matumbawe, na juu yake jina la nchi yake.

Wakati stempu hizo zikizunguka, mtu wa Ruvuma, mkoa ilipo Songea, alikuwa akiwachora viumbe hao hao kwa namna nyingine kabisa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, mashariki ya Songea. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na kuanzia takriban mwaka 1968 akawa anachora na kuuza picha huko. Hakutumia karatasi wala rangi za maji. Alinunua vibao vya mbao iliyoshindiliwa, vyenye upana wa kama sentimita 60, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alitandaza kwanza rangi ya nyuma, akangoja ikauke, kisha akamweka mnyama mmoja anayejaza kibao kizima. Mchoraji wa sayansi hupima urefu wa mdomo wa ndege. Tingatinga alimchora ndege jinsi anavyokumbukwa na aliyekua naye porini, na kwa maana hiyo ndege wake ni wa taifa kuliko wa stempu.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ufundi wake ulibaki kwa ndugu na vijana aliowafundisha, wengi wao kutoka Tunduru, wakiwamo Simon Mpata, aliyeupeleka Nairobi, na Omari Amonde. Mwaka 1990 wachoraji hao walianzisha chama cha ushirika Dar es Salaam.