Unauzia shule ya umma bidhaa? Jua kwanza pesa zako zitatoka akaunti gani

Ukipeleka magunia 40 ya mahindi kwenye shule ya sekondari ya umma nchini Kenya, jiulize utalipwa lini. Jibu haliko kwa mwalimu mkuu peke yake. Linategemea sana pesa za mzigo huo zinatoka wapi.

Wengi hudhani shule ina mfuko mmoja na mwenye ufunguo ni mhasibu. Sivyo.

Akaunti moja si nyingine

Shule za sekondari za umma huendesha akaunti tofauti za benki. Kuna ya masomo: madaftari, chaki, kemikali za maabara, karatasi za mitihani. (Vitabu vya kiada serikali ilianza kuvinunua yenyewe mwaka 2018, kwa hivyo wenye maduka ya vitabu walipoteza soko hilo.) Kuna ya uendeshaji: stima, maji, ukarabati, mishahara ya walinzi na makarani walioajiriwa na bodi. Akaunti hizi mbili hutegemea mgao wa serikali, ile pesa ambayo kila mtu huiita kapitesheni.

Kisha kuna akaunti ya karo, inayojazwa na wazazi. Chakula cha bweni hulipiwa hapo.

Kwa hivyo anayeuza kemikali anangoja Hazina Kuu, na anayeuza maharagwe anangoja wazazi. Wawili hao wanaweza kuingia geti moja siku moja na mmoja akalipwa miezi kadhaa kabla ya mwenzake. Ni kawaida, na si lazima kuwe na ujanja wa mtu.

Mgao unakwama wapi?

Kiwango kilichowekwa ni Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na si zote hufika kwenye akaunti ya shule. Utaratibu ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Kwenye karatasi, Januari ingeleta Sh11,122 kwa kila mwanafunzi.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Mwaka wa shule huanza Januari, lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Muhula wa kwanza, ambao ndio mzito zaidi, unaangukia katikati ya bajeti, wakati kila wizara inapiga foleni Hazina. Ule wa tatu unategemea bajeti mpya ambayo ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi.

Pili ni hesabu ya watoto. Mgao umekuwa ukifuata wanafunzi waliosajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali wa NEMIS. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuwa darasani, anatumia chaki na maji kama wenzake, na asihesabiwe.

Tatu, na hapa ndipo pagumu, pesa zenyewe hazitoshi. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu Sh22,244. Bajeti ilikuwa inaweza kubeba takriban Sh16,900. Piga hesabu ya shule yenye wanafunzi 500: pengo ni Sh2,672,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo, ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu ulionyesha kuwa shule za umma zilikuwa zimepata Sh117 bilioni pungufu katika miaka minne ya fedha.

Sehemu hiyo haijachelewa. Haikuja. Lakini ankara ya msambazaji bado iko kwenye faili.

Na karo je?

Kwenye mabweni, mwongozo wa wizara umeweka kikomo cha Sh53,554 kwa shule za kitaifa na zile zilizo kwenye kundi moja nazo, na Sh40,535 kwa nyingine. Wazazi hulipa kidogo kidogo, na hundi za basari za NG-CDF mara nyingi hufika muhula ukiwa umeshika kasi. Shule nyingine hupokea mahindi na kuni badala ya karo. Mzazi anapumua, lakini msambazaji anaumia mara mbili: soko limepungua, na pesa taslimu ya kumlipa pia.

Simu ya usiku

Mtego mkubwa ni huu. Mwalimu mkuu anakupigia: "Leta magunia kumi kesho asubuhi, watoto hawana chakula." Unamwamini, umemuuzia miaka mitano, unapeleka. Karatasi mtashughulikia baadaye.

Kisha TSC inamhamisha. Mwalimu mkuu mpya anafungua faili na hakuna agizo la ununuzi, hakuna sahihi ya aliyepokea mzigo. Ataanzaje kulipa deni ambalo mkaguzi atamuuliza limetoka wapi? Anayedaiwa ni shule, si mtu aliyekupigia simu, na shule hukumbuka kupitia karatasi.

Kwa hivyo usitoe mzigo bila LPO iliyotiwa sahihi na mhuri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 53, inakataza ununuzi kuanza kabla ya pesa kutengwa kwenye bajeti iliyoidhinishwa, kwa hivyo kuuliza "hii italipwa kutoka akaunti gani?" si utovu wa adabu. Muulize mhasibu kabla hujapakia lori. Hakikisha waliopokea wameandika idadi, tarehe na majina yao, ubaki na nakala. Ankara yako nayo ipitie eTIMS ya KRA, la sivyo itarudishwa na utaanza foleni upya.

Unaweza kujua shule inayolipa haraka?

Kwa sasa, ni kwa kuuliza wasambazaji wenzako. Uingereza, mashirika makubwa yanayoendesha shule nyingi kwa pamoja yamesajiliwa kama kampuni, na tangu 2017 kampuni kubwa lazima zichapishe kila miezi sita wastani wa siku wanazochukua kulipa ankara, na asilimia zilizolipwa ndani ya siku 30, kati ya 31 na 60, na zaidi ya hapo. Muuzaji wa sabuni anaangalia bure mtandaoni kabla hajasaini mkataba. Hapa kwetu hakuna kitu kama hicho kwa shule, ingawa ripoti za ukaguzi za Mkaguzi Mkuu huonyesha madeni ya shule husika.

Wamekataa kulipa

Anza na barua kwa Bodi ya Usimamizi, si kwa mwalimu mkuu tu. Yeye ni katibu wa bodi hiyo. Ambatisha nakala zote. Kifungu cha 140 cha sheria ileile kinasema taasisi ya umma hulipa riba kwa malipo yaliyochelewa. Wachache huidai, kwa kuogopa kunyimwa tenda ijayo, na hofu hiyo ina msingi.

Deni lisilozidi Sh1 milioni linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili. Deni la mkataba lina miaka sita kabla halijapitwa na wakati, kwa hivyo usitupe zile nakala.