Bluu ndiyo mgonjwa wa nyumba

Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi imenibana. Juma lililopita mteja wangu, mwenye mkahawa hapa Nairobi, aliniita nione simu anazotumia kupokea maagizo. Chini ya kioo palikuwa na kivuli cha manjano kisichofutika hata programu ikifungwa. Nilikitambua mara moja. Ni ule mstari mweupe wa vitufe niliouchora mwenyewe. Umewaka saa 12 kila siku, miezi 14.

Vioo hivyo ni vya OLED. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza jinsi walivyopakaza tabaka mbili nyembamba mno za kemikali za kaboni, wakapitisha umeme usiofika volti 10, zikatoa mwanga wa kijani. Utamu wake ni kwamba kila nukta inajiwakia. Haihitaji taa nyuma yake kama LCD, kwa hivyo nyeusi ni giza kweli.

Mwishoni mwa 2007 Sony wakatoa runinga ya XEL-1: unene milimita 3, bei yen 200,000, kioo cha inchi 11. (Ndiyo, 11. Ya nyanya yangu kule kijijini ni kubwa kuliko hiyo.) Walisema ingedumu saa 30,000. Mwaka 2008 watafiti wa DisplaySearch wakaipima, wakakadiria kwamba mwangaza ungepungua nusu baada ya saa 17,000 kwa picha za kawaida, na saa 5,000 tu kwa weupe mtupu. Katika saa 1,000 za kwanza bluu ilipoteza asilimia 12, kijani 8, nyekundu 7.

Mwanga wa bluu una nishati nyingi kuliko hizo nyingine mbili, na nishati hiyo huvunja molekuli zile zile zinazoutoa. Nyeupe ni mchanganyiko wa zote tatu, kwa hivyo bluu ikichoka, rangi huegemea manjano.

Vioo vya leo ni imara zaidi. Simu nyingi zina nukta za bluu kubwa kuliko za nyekundu ili zisichoke upesi, na runinga husogeza picha kidogo kidogo. Lakini saa 12 mara miezi 14, piga hesabu mwenyewe.

Sasa programu ina mandhari nyeusi na vitufe vya kijivu vinavyohama kila dakika. Zile simu 3 haziponi. Nimemwambia mwenye mkahawa tugawane gharama ya vioo nusu kwa nusu. Bado hajanijibu.