Jina Lililobaki Daftarini

Kwa miaka 17, mshairi wa Uingereza Lemn Sissay aliitwa Norman. Alikuwa amelelewa kwanza na familia ya Wazungu, kisha katika nyumba za kulelea watoto. Alipofikia umri wa kutoka kwenye malezi ya serikali ndipo alipokabidhiwa cheti chake cha kuzaliwa, akakuta humo jina ambalo hakuwahi kuitwa na jina la mama, Mwethiopia aliyekuwa amekwenda Uingereza kusoma. Alipewa pia barua ya mwaka 1968: mama huyo, aliyekataa kutia saini mwanawe aasiliwe, alikuwa akiomba arudishiwe mtoto.

Lemn, kwa Kiamhari, ni “kwa nini”.

Usajili wa vizazi na vifo kwa England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na tangu hapo mtu yeyote ameweza kulipa ada akapata nakala ya cheti cha mtu mwingine. Basi kwa wale ambao, tofauti na Sissay, waliasiliwa, kilichofichwa kilikuwa nini? Sheria ya kuasili watoto ilipoanza kutumika mwaka 1927, mtoto aliyeasiliwa aliandikwa upya kwenye rejista nyingine, kwa jina la wazazi wapya. Maandishi ya kwanza hayakufutwa. Yalibaki daftarini, pembeni yakiwa na alama kwamba mtoto huyu ameasiliwa. Kilichofungiwa ni uzi unaounganisha madaftari hayo mawili. Mgeni aliyejua jina la awali angeweza kununua cheti hicho, lakini mwenyewe, kwa kuwa hakulijua jina lake, hakuwa na pa kuanzia. Huo ulikuwa uonevu, hata kama nia ilikuwa kuwasitiri akina mama wasioolewa.

Uskoti haikuona haja ya kufuli hilo. Sheria yake ya mwaka 1930 ilimruhusu aliyeasiliwa kuyaona maandishi yake akifika miaka 17. England na Wales zilingoja hadi sheria ya mwaka 1975, iliyofungua mlango huo Novemba 1976 kwa wenye miaka 18 na zaidi. Walioasiliwa kabla ya tarehe 12 Novemba 1975 walitakiwa kwanza kuonana na mshauri, kwa kuwa mama zao waliaminishwa kwamba siri ingetunzwa daima.

Anayetafuta ukoo wake huko aombe cheti kirefu. Kile kifupi, kilicholetwa mwaka 1947, hakitaji wazazi. Kirefu humpa jina la mama, mahali pa kuzaliwa na anwani ya aliyeandikisha, na kutoka hapo huingia kwenye orodha za ndoa na za wapiga kura. Safu ya baba, mama akiwa hajaolewa, mara nyingi ni tupu.

Sissay alianza na karatasi yake hiyo. Akiwa na miaka 21 alimpata mama yake nchini Gambia.