Hifadhi ya Ziwa Mburo: Historia ya jirani wa Mbarara na Nakivale

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iko magharibi mwa Uganda, takriban kilomita 30 mashariki mwa jiji la Mbarara. Ni miongoni mwa hifadhi ndogo za nchi hiyo, yenye vilima vya nyasi, mabonde ya migunga na maziwa yaliyounganishwa na vinamasi. Upande wa kusini mwa maziwa hayo, katika wilaya ya Isingiro, kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Asili ya jina

Masimulizi ya wenyeji yanataja ndugu wawili, Kigarama na Mburo, waliokaa bondeni. Kigarama aliota kwamba maafa yanakuja, akamsihi nduguye wahamie vilimani. Mburo alikataa. Bonde likafurika maji naye akazama. Ziwa likapewa jina lake, na vilima jina la Kigarama.

Malisho ya Omugabe

Kabla ya ukoloni, nyanda hizi zilikuwa malisho ya wafugaji wa Kihima na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Eneo la Nshara lilikuwa chini ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ililifanya eneo la Ziwa Mburo kuwa pori tengefu, ambako uwindaji ulidhibitiwa. Baadaye mbung'o walienea, ugonjwa wa nagana ukaua mifugo, na wafugaji wengi wakahama. Katika kampeni ya kuwatokomeza mbung'o, vichaka vilifyekwa na wanyamapori wengi wakapigwa risasi kwa kuwa mbung'o hutegemea damu yao.

Kufukuzwa na kurejea

Baada ya uhuru, eneo hilo lilipandishwa hadhi na kuwa pori la akiba. Mwaka 1983 serikali ya Rais Milton Obote ikalitangaza kuwa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650. Takriban familia 4,500 ziliondolewa bila fidia wala mpango wa makazi mapya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao katika eneo la Mbarara. Baadhi yao walikimbilia Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda.

Utawala wa Obote ulipoanguka mwaka 1985, waliofukuzwa walirudi. Majengo ya hifadhi yaliharibiwa na wanyama wakauawa, kwani wengi waliamini kwamba wanyama wakiisha, serikali haitakuwa na sababu ya kuwanyang'anya ardhi tena. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1986 ilirudisha sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa wananchi na kuibakiza hifadhi ndogo.

Ujirani mpya

Tangu miaka ya 1990 sera imekuwa kushirikiana na majirani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996, iliyounda Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zipewe jamii zinazozunguka. Hata hivyo migogoro haijakwisha. Migunga imesambaa katika nyanda za nyasi, hivyo pundamilia na swala pala hutoka kutafuta malisho katika mashamba ya watu, wakigombea nyasi na ng'ombe. Mwaka 2015 twiga 15 waliletwa kutoka Murchison Falls; twiga hula majani ya migunga hiyo. Nyati, pofu, viboko na chui bado wapo, ila simba walitoweka.

Maji yanayowaunganisha

Mto Rwizi hupita katikati ya Mbarara, kisha huelekea kwenye vinamasi vinavyoyalisha maziwa ya eneo hilo, Mburo na Nakivale yakiwemo. Mwaka 2006 ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar. Kwa wakimbizi, Ziwa Nakivale ni chanzo cha maji na samaki. Kwa hiyo taka zinazotupwa mtoni Mbarara na vinamasi vinavyolimwa kandokando ya mto vinawagusa watu walio mbali na jiji: maji yakichafuliwa au kupungua huko juu, mkimbizi aliye na ndoo ufukweni mwa Nakivale hupata hasara sawa na kiboko aliye ndani ya hifadhi.