Chakula cha Wazee wa Chidya: Tumerithi Nini?



Sisi watu wa pwani tumezoea kumcheka mtu wa bara kwa chakula chake. Akishuka mgeni kutoka Masasi au Newala na kifurushi cha ming'oko, twamwuliza kwa kebehi: "Na hiki nacho ni chakula?" Kisha twarudi kwenye chai yetu ya vijiko vinne vya sukari na mandazi yanayochuruzika mafuta. Lakini leo ni mtaa gani wa pwani usio na mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu? Huenda basi yule tuliyemcheka alikuwa na jambo la kutufunza.

Wako wengine waliopindukia upande wa pili. Mwaka 1985 wanazuoni wawili wa Marekani, Boyd Eaton na Melvin Konner, waliandika katika jarida la utabibu kwamba mwili wa mwanadamu ulizoea tangu zama za kale chakula cha wawindaji na wachimba mizizi, na kwamba maradhi mengi ya siku hizi yatokana na kuachana na chakula hicho. Tangu hapo wametokea watu wengi katika nchi za Magharibi wanaotaka kula kama walivyokula watu wa kale. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini yafaa tujiulize: chakula cha wazee kililiwa vipi? Jawabu halihitaji safari ya mbali. Na twende Chidya, baina ya Masasi na Newala, tuwatazame wazee wa huko.

Nchi ile si nyepesi. Juu ya Uwanda wa Makonde mvua hunyesha, lakini maji huzama ardhini yakapotea. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wakiishi juu ilhali maji yako chini mabondeni, na kila siku wakishuka na kupanda kwa ajili ya mtungi mmoja. Ng'ombe walikuwa haba kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo nyama ilikuwa ya windo, nayo haikupatikana kila siku. Kitoweo cha kawaida kilikuwa majani ya porini, kunde, na uyoga wakati wa mvua. Shambani walilima mtama. Na porini walichimba ming'oko, kiazi chembamba kirefu kinachojiotea chenyewe, kikachemshwa na kuliwa kwa chumvi. Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala ya kusini, njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Katika miaka kama hiyo pori ndilo lililokuwa ghala la mwisho.

Wazee hao basi hawakuwa wawindaji watupu, walikuwa wakulima waliolijua pori. Wala si kila tunachokiita chakula cha mababu ni cha asili. Muhogo, mahindi na hata mkorosho vilitoka Amerika, vikaletwa na Wareno baada ya mwaka 1500. Muhogo ulikuja mgeni, na mgeni huyu alikuwa na sumu. Muhogo mchungu ukiliwa bila kutengenezwa huweza kuua. Wazee walijifunza kuumenya, kuuvundika, kuuanika juani siku nyingi, kisha ndipo kuutwanga. Kazi hiyo yote huiondoa sumu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwaka 1988, katika wilaya hiyo hiyo ya Masasi, chakula kilipungua na watu wakashikwa na njaa. Wengine wakaukata mwendo: wakautwanga muhogo mchungu na kuuanika kwa muda mfupi tu, wakaupika. Watu wakapatwa na sumu, wakatapika na kuona kizunguzungu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji, mwaka 1981 ukame uliwalazimisha watu kufanya haraka kama hiyo, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu. Ugonjwa huo waliuita mantakassa. Tena mwaka 1989, huko huko Nampula, watu walikula mbegu za upupu. Desturi ni kuzichemsha mara nyingi na kumwaga maji yake kila mara, lakini maji yalikuwa adimu, wakashindwa kuyamwaga. Waliozila wakarukwa na akili. Wamakua wa Nampula na Wamakua wa Masasi ni watu wa asili moja, na chakula kilikuwa kile kile cha wazee. Kilichokosekana ni muda wa kukitengeneza, maji, na nafasi ya kufuata elimu ya wazee mpaka mwisho.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa haraka haikuondoa baraka tu, iliondoa na afya. Nasi tusiwalaumu waliopatwa, kwani njaa haina subira. Wa kulaumiwa ni sisi tulioshiba, tunaoiacha elimu hiyo ipotee bila ya dharura yoyote.

Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa kusini, kama wa nchi nzima, walihamishiwa katika vijiji vikubwa. Shule na zahanati zikawa karibu, na hilo lilikuwa jambo la heri, lakini wengi walijikuta mbali na pori walilolijua. Duka likajaza pengo kwa sukari na unga mweupe. Bibi ajuaye jani gani huliwa na lipi huchemshwa mara mbili bado yupo, lakini mjukuu hamwulizi. Siku atakayozikwa bibi huyo, itazikwa pamoja naye elimu ambayo watu waliilipia kwa uhai wao.

Basi turithi nini kwa wazee wa Chidya? Hatuwezi kurudi porini, na sheria ya leo hairuhusu mtu kuwinda bila kibali. Lakini mambo matatu yawezekana katika nyumba yoyote, iwe Lindi, Tanga au Lamu. La kwanza ni kiasi: nyama iwe siku moja moja, na sukari ipungue. Dini yetu imetukataza israfu katika kula na kunywa kabla hajatukataza daktari. La pili ni kazi: wazee walikitembelea chakula chao kwa miguu, nasi tusikae kutwa barazani. La tatu ni elimu: mama amfundishe binti yake, na mvulana pia, kila chakula cha kwetu na namna ya kukitengeneza bila ya kukata mwendo.

Na akija tena mgeni na kifurushi cha ming'oko, tumkaribishe, tule naye, na tumwulize imepikwaje. Mwenyezi Mungu atujaalie kushukuru kwa tulichonacho na kuwaheshimu waliotutangulia. Amin.